Karatasi ya Kumaliza

Jumatatu, 10 Februari

Nimeunga baiskeli nne. Zingekuwa tano kama si keria. Shehena hii keria zake matundu hayakutani na fremu, kila moja natoboa upya. Nilimpigia tajiri wa Dar anayeniuzia mzigo kulalamika. Akasema wateja wengine hawajalalamika. Basi wengine hawatoboi.

Asubuhi mtu wa shamba la Kipalapala kaleta tatu kubadilisha tairi. Kalipa papo hapo. Watu wa namna hiyo ni wachache.

Waliobaki ni mali kauli. Msimu umefika, majani ya tumbaku yanachumwa, mkulima anataka kitu cha kubebea mpaka bani la kukaushia na mfukoni hana kitu. Anachukua baiskeli leo kwa 310,000. Analipa tumbaku yake ikishanunuliwa, Juni, Agosti, au akikumbuka. Leo nimetoa sita, zote za Sikonge. Stoo zimebaki kumi na tisa.

Nataka sitini nyingine. Sitini kwa 235,000 ni 14,100,000. Benki nina 14,600,000. Tajiri anataka pesa yote kabla ya mwezi kwisha, la sivyo anampa mtu wa Nzega. Zinatosha. Chupuchupu, lakini zinatosha.

Jumatano, 12 Februari

Barua kutoka ofisi ya mapato. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Wanasema mashine yangu ya risiti mwaka jana imeonyesha mauzo ya 116,430,000. Mimi nilikadiria milioni 60. Nikalipa asilimia tatu na nusu, yaani 2,100,000, mara nne, 525,000 kila mara, hakuna mara moja niliyochelewa. Sasa wanasema nimevuka milioni mia. Ukivuka hapo hupimwi tena kwa mauzo. Unatakiwa ulete hesabu zilizokaguliwa na unatozwa kwenye faida. Nina siku kumi na nne za kujieleza. Mwisho tarehe 26.

Nimepiga hesabu kwa njia yao. Mauzo 116,430,000, toa manunuzi na pango na gharama zote 52,400,000. Faida milioni 64. Kodi yake inapita milioni kumi na saba.

Milioni kumi na saba. Faida yangu ya kweli mwaka mzima haifiki milioni kumi na mbili. Nikiwapa akiba yote ya benki bado nadaiwa, na baiskeli sitini nimezisahau. Bila baiskeli mwezi huu hakuna wa kunilipa Agosti. Duka limekwisha.

Nilianza na pampu moja na beseni la maji pale stesheni ya reli. Upepo shilingi hamsini, kiraka mia mbili. Hakuna aliyenipa mtaji. Hakuna aliyekuja kuniuliza nimekula nini. Leo ndiyo wameniona.

Skola nimemwambia ni barua ya kawaida. Mke wangu si mjinga. Akanipa chai bila sukari.

Alhamisi, 13 Februari

Sikuunga hata moja. Nimegeuza fremu juu chini na kuirudisha ilipokuwa.

Mashine imekosea, hilo ndilo nimekuwa nikijiambia. Lakini mashine haibonyezi yenyewe. Anayebonyeza ni mimi.

Ijumaa, 14 Februari

Nimejua.

Nimekaa na daftari la mali kauli toka saa mbili asubuhi hadi adhuhuri. Duka nimelifunga nusu mlango. Baiskeli zilizotoka mwaka jana ni 175, zote mali kauli. Hizo ni 54,250,000. Vipuri na matengenezo, 10,100,000. Jumla 64,350,000. Hayo ndiyo mauzo yangu. Naweza kuapa.

Nikatoa kwenye 116,430,000. Inabaki 52,080,000. Nikaitazama sana hiyo namba. Kisha nikaigawa kwa 310,000, bei ya baiskeli moja.

168 kamili. Hakuna baki.

Waliomaliza kulipa mwaka jana ni 168. Saba bado wananizungusha.

Kila baiskeli nimeitolea risiti mara mbili. Mara ya kwanza ikitoka dukani, maana sheria inataka hivyo na mkulima akisimamishwa njiani bila risiti wanamwona mwizi. Mara ya pili akileta pesa. Anasema amelipa, anataka karatasi. Nami nabonyeza tena, 310,000, karatasi inatoka, anaikunja, anaondoka na furaha yake. Mashine haijui kwamba baiskeli ni ile ile. Imehesabu baiskeli 343.

Mimi ninayejua bei ya spoku moja moja. Nimejiibia kwa kidole changu mwenyewe. Mashine niliichukua mwaka juzi mwishoni, huu ndio mwaka wake wa kwanza mzima, na hakuna siku niliyolinganisha jumla yake na daftari. Siku moja tu ingetosha.

Aliyeanzisha namjua kwa jina. Bibi Nyamizi, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa tumbaku, vijiji vya ndani huko Sikonge. Juni mwaka jana alikuja na watu wake kumi na mmoja kulipa. Nikawakata majina kwenye daftari mbele ya macho yao. Hakutaka. Aliketi kwenye kreti langu la soda tangu saa nne mpaka saa nane, wateja wanamruka, mpaka nikampa kila mmoja karatasi ya mashine. Baada ya hapo habari zikaenea, kila mkulima akawa anadai yake.

Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na mimi.

Jumamosi, 15 Februari

Habari za barua sijui zimevujaje. Saa tano kaja mtu mwenye miwani ya jua, begi la ngozi, viatu havina vumbi. Anajiita mtaalamu wa kodi. Hana ofisi, ana simu tatu. Anasema jambo langu ni dogo, yeye analimaliza kwa 2,500,000. Nusu leo, nusu likiisha. Nisiende kule mwenyewe, nitaharibu.

Nikalinganisha. 2,500,000 au 17,000,000. Kwenye karatasi ni rahisi sana.

Nikamwambia nitafikiri mpaka Jumanne. Akacheka kama mtu anayejua nitafika wapi.

Jioni nimemwambia Skola kila kitu. Hakunifokea. Kasema niende ofisini Jumatatu na nivae shati la kanisani.

Jumatatu, 17 Februari

Nimekwenda. Foleni watu kumi na wawili mbele yangu, nikahesabu matundu ya feni.

Afisa ni binti wa umri wa mwanangu wa pili. Kanipa shikamoo. Nikaitika marahaba kwa shida, nilikuwa nimejiandaa kugombana na mtu mkubwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kasema hadithi yangu inaeleweka, na ile 168 bila baki imemfanya aandike kitu pembeni. Lakini kwenye mfumo wao kila risiti inasomeka BAISKELI, 310,000, basi. Haisemi ipi. Nikamwonyesha daftari. Hapo akanikata.

"Baba, daftari umeandika wewe, kalamu yako, duka lako. Niletee kitu alichobaki nacho mteja."

Inanichoma, lakini ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Kumbe kitu hicho kipo. Kila risiti naandika kwa kalamu namba ya fremu na jina la mchukuaji. Ni kwa ajili ya wezi, baiskeli ikipotea polisi waulize namba. Zote mbili naandika, ya kuchukua na ya kulipa. Namba ya fremu haijirudii. Karatasi mbili zenye fremu moja ni baiskeli moja. Binti kasema nikimletea jozi thelathini hivi, atazikagua kwenye mfumo moja moja, na zikikubali ndipo atalisoma daftari kwa zile zilizobaki.

Jozi thelathini. Ziko kwa wakulima, mvua inanyesha, zimebaki siku tisa.

Jumanne, 18 Februari

Nitaandika ukweli maana hakuna anayesoma. Leo nimekwenda benki nikatoa 1,250,000. Nilikuwa nimeshakata tamaa kabla sijatafuta karatasi hata moja. Karatasi zile zinafifia. Mimi mwenyewe nina za manunuzi ya mwaka juzi zimebaki nyeupe kama ganda la yai. Mkulima gani ataitunza miezi kumi na miwili?

Mtu wa miwani alikuja saa sita. Pesa ilikuwa kwenye bahasha, chini ya boksi la cheni.

Bwana Seif alikuwa dukani kwangu kuazima spana. Duka lake la vifaa vya ujenzi limepakana na langu, na ukoo wao umekuwa ukifanya biashara Tabora tangu enzi za misafara, kwa hiyo watu wenye begi la ngozi ameshawaona wengi. Hakumsalimia. Akanisogelea, akasema polepole:

"Maganga, muombe risiti."

Nikamuomba. Nikasema nitatoa 1,250,000 sasa hivi, anipe risiti ya hiyo pesa. Mtu wa miwani akasema kazi kama hizi hazina risiti. Bwana Seif akamuuliza kama kazi kama hizi zina jina. Akakusanya simu zake tatu. Hakuaga.

Nilitaka kumpa pesa isiyo na karatasi ili aniokoe na karatasi. Nimejiona mpuuzi. Bwana Seif kasema yeye alishampa mtu kama huyo, zamani, na deni likarudi vile vile pamoja na adhabu yake. Hajawahi kumwambia mtu. Spana ameenda nayo.

Pesa nimeirudisha benki kabla hawajafunga. Makato ya kutoa na kurudisha, ya kwangu.

Alhamisi, 20 Februari

Sikonge. Basi mpaka mjini kwao, kisha njia ya udongo kwa baiskeli ya dukani kwangu. Miaka hamsini na mbili, kilomita kumi na tisa za matope. Keria nilizotoboa zinashika vizuri. Hilo angalau.

Nyumba ya kwanza: risiti zote mbili zimegandishwa ukutani kwa ugali, karibu na kalenda. Pambo. Nyeupe, hata kalamu yangu imeliwa na moshi.

Nyumba ya pili: ya kwanza ipo, ya pili kaivuta. Kaviringishia tumbaku. Anasema ilikuwa laini, inaungua vizuri. Akaniomba radhi kwa heshima zote na kunikaribisha viazi.

Nyumba ya tatu: jozi moja, inasomeka. Nimeishika kama kitoto kichanga.

Nyumba ya nne mpaka ya sita: jozi moja nyingine. Mbuzi, mvua, na mtoto aliyetengeneza mashua.

Jozi mbili kwa siku nzima. Kwa mwendo huu nitafikisha thelathini Machi. Nimelala kwa mwenye nyumba ya tatu. Miguu inawaka moto.

Ijumaa, 21 Februari

Nimekwenda kwa Bibi Nyamizi. Sikutaka. Mtu niliyemtukana moyoni miezi minane, kwenda kumpigia magoti ni jambo zito. Lakini nyumba za karibu zilikuwa zimeisha.

Nikampa shikamoo, akaitika, akaendelea kufunga majani ya tumbaku kwenye fito. Nikajieleza. Hakuonyesha kushangaa. Akafuta mikono, akaingia ndani, akatoka na debe la mafuta lenye mfuniko, limefungwa kwa mpira wa tiubu. Tiubu ni ya kwangu, naijua chapa.

Ndani ya debe, jozi arobaini na moja.

Kikundi chao kinadhaminiana. Mmoja asipolipa, wote wanakatwa kwenye pesa ya tumbaku. Kwa hiyo kila anayechukua kitu kwa mali kauli anampa mwenyekiti karatasi, na akimaliza anampa nyingine. Wanaita karatasi ya kuchukua na karatasi ya kumaliza. Bila ya kumaliza, mtu hapewi mgawo wake. Ndiyo maana alikalia kreti langu kwa muda wa saa nne. Mimi nilidhani ni ukaidi. Kumbe alikuwa analinda pesa za watu arobaini.

Amezishona jozi jozi kwa uzi. Debe linakaa gizani chini ya kitanda. Zote zinasomeka, namba ya fremu juu, namba ya fremu chini, mwandiko wangu mwenyewe mbaya.

Sijui uso wangu ulikuwaje. Akaniambia nikae.

Nikanyoosha mkono kuchukua debe. Akalivuta. Akamwita mjukuu wake wa kike anayejua kuandika, akamwandikisha kwenye karatasi ya daftari: Maganga wa baiskeli amechukua debe moja, jozi arobaini na moja. Nikatia sahihi. Kisha akataka na kidole gumba pia.

"Hiyo ni ya kuchukua, mwanangu. Ukilirudisha nitakupa ya kumaliza."

Nimetoka pale nacheka peke yangu kwenye matope. Mara ya kwanza tangu tarehe 12.

Jumapili, 23 Februari

Misa ya asubuhi, kisha kazi. Nimetoa kopi za zote, maana kopi haififii. Nimezipanga kwa tarehe, pembeni naandika ukurasa wa daftari. Skola anasoma namba ya fremu, mimi natafuta. Arobaini na moja za bibi na mbili nilizookota, arobaini na tatu. Zote zimeingiana na daftari.

Kuanzia sasa: mashine inabonyezwa mara moja tu, baiskeli ikitoka. Akilipa deni, namwandikia kwa mkono kwenye kitabu cha stakabadhi chenye karatasi ya kaboni, nakala abaki nayo, nakala nibaki nayo. Na kila Jumamosi jumla ya mashine na jumla ya daftari zinaonana ana kwa ana. Ni mambo ya dakika ishirini. Dakika ishirini zingeniokolea wiki mbili za kuhangaika.

Jumatatu, 24 Februari

Nimekabidhi. Binti kakagua tano pale pale mbele yangu, akaingiza namba za risiti kwenye kompyuta. Zote zimekubali. Kisha akaona ule uzi, akauliza nani ameshona. Nikamwambia. Akasema wangekuwa na wateja kumi kama huyo bibi wangefunga ofisi saa sita.

Kasema nisubiri. Nimeandika barua ya kuomba jumla irekebishwe, nakala wameigonga muhuri. Muhuri nimeukagua mara mbili.

Jumatano, 26 Februari

Ofisini hawajapiga simu. Tajiri wa Dar kapiga simu, mtu wa Nzega ana pesa mkononi. Nimemwomba mpaka Ijumaa jioni. Kakubali kwa sauti ya mtu anayekunja mikono ya shati.

Wakulima wanne wamekuja. Stoo zimebaki mbili. Hao wanne nimewapa hizo mbili wagawane zamu.

Ijumaa, 28 Februari

Imekwisha.

Binti kanipigia saa nne. Wamezikubali jozi, na kwa msingi huo wamelisoma daftari kwa zile nyingine, tarehe kwa tarehe. Kati ya 168, tatu hakuziona. Zililipwa katika siku mbili ambazo daftari niliandika kesho yake, tarehe hazigusani. Tatu hizo zinahesabiwa mauzo. 930,000 ambazo sijawahi kuziona.

Mauzo yangu ya mwaka jana: 65,280,000. Sijavuka popote. Kodi 2,284,800. Nilishalipa 2,100,000. Nadaiwa 184,800.

Humo 32,550 ni kodi ya hewa, baiskeli tatu zisizokuwepo. Nilitaka kubisha. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikafikiria milioni kumi na saba, nikaufunga. 32,550 ni ada ya uvivu wangu wa siku mbili, nitailipa, na sitaisahau mpaka nife.

Nimelipa kwa namba ya malipo kabla ya saa saba. Nimetoa kopi.

Saa nane nimemtumia tajiri 14,100,000. Benki zimebaki laki mbili na ushei. Skola kauliza tutakula nini Machi. Maharage. Hata nikila maharage mpaka Juni naona sawa. Nimelala usingizi wa mchana, kitu ambacho sijafanya toka niwe na duka.

Bwana Seif kesho kutwa huenda anaanza kufunga. Nimempelekea boksi la tende kwa ajili ya futari. Kanirudishia spana.

Jumapili, 9 Machi

Baiskeli sitini zimefika jana na treni. Keria zake matundu yanakutana. Sikuamini, nikajaribu tano.

Leo Sikonge. Mvua ilikuwa imekatika, njia imeanza kukauka. Nimerudisha debe. Bibi Nyamizi alikaa chini akahesabu zote, jozi arobaini na moja, bila haraka, uzi kwa uzi. Nilikaa kwenye kigoda nikanywa uji. Sikuwa na pa kwenda.

Nilimpelekea keria mpya, bure. Akaikagua matundu kwanza.

Kisha akamwita mjukuu. Maganga wa baiskeli amerudisha debe moja, hadaiwi. Kidole chake gumba na changu, wino wa bluu.

Karatasi nimeikunja mara mbili, nimeitia kwenye boksi la bati, mvunguni, mbali na mwanga.